Mdomoni mwa Kamongo

Jumatano, tarehe 13 Machi 1974. Asubuhi hiyo ukungu ulipanda kutoka ziwani ukaufunika mji wa Bukoba mpaka kwenye mapaa ya maduka, na manyunyu yasiyo na haraka yakawalowesha watu pasipo wenyewe kujua ni wakati gani walianza kulowa.

Inspekta Ndyamukama alitoka misa ya alfajiri, akajifuta uso kwa leso, akateremka moja kwa moja hadi kwenye Bomba la Mjerumani. Konstebo Zabibu, msaidizi wake, alikuwa amekwisha kufika. Msichana huyu wa Tabora alikuwa na mwaka mmoja tu Bukoba, na baridi ya huko ilikuwa haijamzoea. Alikuwa amejikunyata ndani ya koti la mvua la serikali lililomzidi mabega.

"Afande, leo tena tunakuja kutazama maji?" aliuliza.

"Leo tunakuja kuyatazama vizuri."

Hakuna mgeni aliyefika Bukoba miaka ile asiletwe kuliona bomba hilo. Lilijengwa kwa mawe mbele ya boma la zamani, enzi za Wajerumani, na maji yake yaliteremka yenyewe kutoka mlimani yakatokea kwenye midomo miwili. Upande wa mlimani palikuwa na korongo wa mawe, na upande wa ziwani palikuwa na samaki. Huenda fundi wa Kijerumani alikusudia kuchonga samaki wa kwao, lakini alimtoa mrefu, mnene, mwenye macho madogo kama mbegu za papai. Watu wa Bukoba wakaamua tangu siku ya kwanza kwamba huyo ni kamongo, yule samaki wa matopeni afananaye na nyoka, na tangu hapo hakuna aliyebisha. Wanafunzi wa Kahororo waliletwa kwa mistari kulitazama bomba. Wavuvi wa visiwani walinawa hapo uso kabla ya kuingia sokoni. Na omugole, yaani bibi harusi, alipomaliza siku zake za kukaa ndani, mama mkwe wake alimleta hapo akiwa amefunikwa shuka gubigubi. Alinawa, akanywa, akapigwa picha, kisha akarudi kwake kuanza kazi za nyumba.

Jumamosi iliyopita aliletwa omugole mmoja. Alikunywa, akapigwa picha, akaenda nyuma ya ukuta wa boma kujisaidia, asirudi. Aliitwa Alistidia, mke wa Aristides Mushumbusi, katibu wa kijiji kimoja karibu na Nshamba. Shuka lake na ndara zake zilikutwa juu ya mawe ufukweni. Mitumbwi ilizunguka kutwa, wavuvi wakakokota nyavu, ziwa lisitoe kitu. Jioni ileile alikamatwa Mutalemwa, mvuvi wa kisiwa cha Goziba, ambaye zamani alitaka kumchumbia Alistidia akakataliwa na ndugu. Watu wengi walimwona amesimama karibu na bomba, akimwita yule omugole kwa jina.

Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kukata shauri. Ijumaa Mutalemwa afikishwe mahakamani kwa shtaka la kuua. Shtaka hilo halina dhamana, na mwisho wake ni kamba.

"Kaijage," Ndyamukama alimwita mpiga picha, aliyekuwa akiifunika kamera yake kwa turubai. "Nieleze tena habari za Jumamosi."

Kaijage alishusha pumzi. "Afande, nimeyasema haya mpaka nimeanza kuyaota. Nikiyasema tena nitayaimba."

"Yaimbe."

"Walikuja jua limetoka. Mama mkwe mbele, omugole nyuma yake. Nikamwambia asimame upande wa kamongo, maana huko ndiko mwanga unakopiga na maji yanaruka vizuri. Akasimama. Akakinga mikono, akanywa. Nikapiga. Basi."

"Alisema neno lolote?"

"Omugole aseme nini na mimi? Mama mkwe ndiye aliyesema, tena harakaharaka, macho yake yakitembea huku na huku kama mtu aliyepoteza mbuzi."

"Uso wake uliuona?"

"Niliona mikono na shuka. Picha za bibi harusi wote ndivyo zilivyo. Nyumbani wenyewe wanajuana kwa shuka."

Ndyamukama aliitoa picha hiyo kwenye mfuko wa shati, akaikinga na manyunyu kwa kofia yake. Kesi nzima iliegemea hapo. Picha ndiyo iliyothibitisha kwamba Alistidia alifika mjini mzima. Na kama alifika mzima, aliyemdhuru alikuwa mjini.

Wakati huo alitokea mwanamke wa makamo, miguu pekupeku, viatu mkononi. Alisimama mbali kidogo akalitazama bomba kama mtu atazamaye kaburi.

"Nyinyi ndio polisi?" aliuliza. "Mimi ni Immakulata. Alistidia ni mtoto wa kaka yangu. Kaka alikufa, nikamlea mimi. Nataka mnionyeshe aliposimama."

"Pole sana, shangazi," Ndyamukama alisema, akavua kofia. "Alisimama hapa."

Immakulata alilia bila sauti. Alipomaliza alijifuta kwa pindo la kanga, akasema koo limemkauka, akazunguka upande wa mlimani. Maji ya korongo yalikuwa yakidondoka tone moja moja, kwa kuwa jani lilikuwa limeziba ndani ya bomba. Alikinga kiganja akasubiri.

"Shangazi, njoo huku," Zabibu alimwita. "Huku maji ni tele. Hayo ya ndege utayasubiri mpaka Pasaka."

"Nije wapi? Mdomoni mwa kamongo?" Immakulata alimkazia macho. "Unataka ngozi yangu ibabuke? Mwanangu, wewe ni wa wapi?"

"Tabora."

"Basi nakusamehe. Sisi ni wa ukoo wa kamongo. Hatumli, hatumgusi, chungu kilichompika hatukitumii. Sasa nimkinge mate?"

Ndyamukama alikuwa akirudisha picha mfukoni. Mkono wake ulisimama.

"Shangazi, mwiko huo Alistidia alikuwa anaushika?"

"Kwa nini asiushike? Ni mwiko wa baba yake. Mwanamke akiolewa anahama nyumba, hahami ukoo. Siku ya harusi nilimkabidhi kwa Celina, mama mkwe wake, nikamwambia mbele ya wazee kwamba chungu cha mtoto huyu kiwe mbali. Celina akakubali."

Inspekta alimpa picha. Immakulata aliitazama, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu ni nani?"

"Tumeambiwa ni Alistidia."

"Na nani?"

"Na Celina."

"Basi Celina ni mwongo. Mtoto wangu hawezi kukinga mikono hapo."

Zabibu alijikohoza. "Afande, labda hajali mambo ya kale. Msichana amesoma, amebatizwa..."

"Amebatizwa, ndiyo, na mimi ndiye niliyemshika siku hiyo," Immakulata alimkata. "Ubatizo haukumpa baba mwingine."

Kaijage alikuwa amekaribia, akichungulia picha yake mwenyewe kama hajapata kuiona. "Afande," alisema polepole, "wa kamongo huwa wananikatalia. Wiki iliyopita tu, mmoja kutoka Kamachumu aligoma kabisa, nikabeba kamera na miguu yake nikahamia kwa korongo, picha ikatoka giza tupu, nikalaumiwa mimi. Huyu wa Jumamosi nilimwambia simama pale, akasimama. Hakusita hata kidogo."

"Na wewe hukuliona hilo?"

"Mimi nilifurahi kwamba hakunisumbua."

Ndyamukama alivaa kofia yake. "Konstebo, tumekokota nyavu ziwani tukitafuta maiti ya mtu ambaye hakufika mjini. Aliyekunywa hapa alikuwa mwanamke mwingine. Alizunguka ule ukuta, akavua shuka, akatoka kama mpita njia yeyote."

"Na Alistidia?" Immakulata aliuliza. "Afande, mtoto wangu yuko wapi?"

Inspekta alimshika bega. Alimwomba awasubiri ndani ya gari.

* * *

Mutalemwa alikuwa ameketi kwenye sakafu ya mahabusu, magoti kifuani. Tangu akamatwe alikuwa amesema sentensi moja tu, kwamba hakumuua mtu. Ndyamukama aliingia, akachuchumaa mbele yake.

"Nani alikuita kwenye bomba Jumamosi?"

"Nilikuwa najipitia."

"Mtu wa Goziba hajipitii Bukoba. Kati yako na hapa kuna maji matupu."

Mutalemwa alikumbatia magoti.

"Nitakuambia kwa nini hutaki kusema. Unaamini Alistidia ametoroka. Unaamini ukinyamaza atapata nafasi ya kufika mbali."

Mutalemwa aliinua kichwa. Zabibu alikuwa amesimama mlangoni.

"Yule hakuwa Alistidia," Ndyamukama alisema. "Alikunywa mdomoni mwa kamongo."

Mvuvi alibaki ametumbua macho. Kisha akaanza kutikisa kichwa. "Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake, akapita kama hanisikii. Nikajua anamwogopa mkwewe." Alijipiga paja kwa ngumi. "Mtu wa kamongo hawezi kunywa pale. Nami nilimwona akinywa! Nilikuwa natazama shuka tu."

"Nani alikuita?"

"Niliapa nisimtaje."

"Uliapa kwa nani?"

"Kwa Mama wa Mungu."

"Mama wa Mungu hashiriki katika udanganyifu. Uliapishwa na mtu aliyekuwa anakuchimbia shimo. Mtaje."

"Felicitas. Dada yake Aristides. Alinikuta mwaloni Ijumaa nikishusha samaki. Akasema Alistidia amechoshwa na kipigo, ataletwa kwenye bomba Jumamosi, nimsubiri hapo, yeye mwenyewe atajua namna ya kumponyoka mama mkwe wake na kunifuata. Akaniapisha."

Ndyamukama alimgeukia Zabibu. "Celina alisema huyo Felicitas alikuwa wapi Jumamosi?"

"Nyumbani Nshamba, Afande. Akimenya ndizi."

Mutalemwa alisimama ghafla. "Kama Jumamosi hakuwa yeye," alisema, "basi yeye alikuwa wapi? Afande, amekuwa wapi siku zote hizi?"

Zabibu alitazama chini. Inspekta alitoka mbio.

* * *

Landrova ilishika barabara ya Muleba, ikapita Kemondo na Muhutwe, ikaanza kupanda kuelekea Nshamba huku matope yakiruka hadi kwenye vioo. Immakulata alikaa nyuma akisali rozari. Zabibu, ambaye ni Mwislamu, alinyamaza kimya kama aliyemo kanisani.

Walipofika kijijini, Ndyamukama alimchukua kwanza balozi wa nyumba kumi, Mzee Karugendo, awe shahidi. Mzee huyo alitembea kwa fimbo na kwa heshima nyingi. Majirani walipoliona gari la polisi waliacha majembe, wakafuata. Walipoingia uani kwa Aristides walikuwa wametimia kundi zima.

Aristides Mushumbusi alitokea mlangoni. Alikuwa kijana mrefu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni.

"Karibuni, waitu, wakubwa wangu. Mmempata mke wangu?"

"Tumekuja kwa ajili hiyo," Ndyamukama alisema.

Sebuleni nyasi mbichi zilikuwa zimetandazwa sakafuni. Celina, mama yake Aristides, aliingia na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akapiga goti, akampa Inspekta kwanza kama desturi itakavyo. Inspekta hakunyoosha mkono. Mkono wa Mzee Karugendo, uliokuwa umekwisha kuelekea kikapuni, uliishia njiani. Watu waliokuwa dirishani waliacha kunong'ona. Nyumba ya Mhaya hukatai kahawa yake ila kwa jambo zito.

"Mama Celina," Ndyamukama alianza, "nyinyi hapa mwiko wenu ni nini?"

"Pongo, waitu. Mbona unauliza?"

"Kamongo mnakula?"

"Tunakula."

"Na mkweo?"

Celina alimtazama mwanawe. "Yeye hali. Ni mwiko wa kwao."

"Unaujua vizuri?"

"Nilikabidhiwa. Nampikia mbali." Alijirekebisha. "Nilikuwa nampikia mbali."

Ndyamukama aliweka picha juu ya nyasi, mbele ya magoti yake. "Basi nieleze. Kwa nini anakunywa mdomoni mwa kamongo?"

Celina aliinama. Aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu, na rangi ikamtoka usoni. Kisha, kama aliyesahau kwamba chumba kimejaa watu, aligeuka nyuma ambako binti yake Felicitas alisimama penye pazia.

"Felicitas," alisema, "ulikunywa upande gani?"

Nyumba nzima ilisikia.

"Mpiga picha ndiye aliyeniambia nisimame pale!" Felicitas alijitetea, machozi yakimtoka palepale. "Mama, tangu utotoni tunakunywa pale. Mkono ulikwenda wenyewe. Wewe ndiye mwenye kujua miiko, mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa namtafuta yule mvuvi kwa macho..."

"Nyamazeni wote wawili!" Aristides alifoka.

Mzee Karugendo alikaa chini taratibu. Lakini Aristides hakuwa mtu wa kuanguka kwa pigo moja. Alivuta kiti, akaketi, akashusha sauti.

"Inspekta, nitasema ukweli, maana umetufikia. Alistidia alitoroka Ijumaa. Tuliamka hatukumkuta. Mimi ni katibu wa kijiji. Watu wangenionaje, mke hata siku zake za ndani hazijaisha vizuri? Na shangazi yake alikuwa aje Jumapili kumtazama. Aibu ikatushika, tukafanya upumbavu huu. Alikoenda hatujui. Tumekosa, tunaomba radhi."

Maneno hayo yalikaa vizuri masikioni. Majirani wawili watatu walitikisa kichwa kwa huruma. Hata Mzee Karugendo alisema, "Aibu ni kitu kibaya, waitu."

"Na mvuvi je?" Ndyamukama aliuliza. "Kwa nini mlimwita aje ashtakiwe kwa kuua?"

"Tulijua ndiye aliyemshawishi. Tulitaka atishwe tu."

"Kwa kamba shingoni."

Ndyamukama alitazama huku na huku. Zabibu hakuwemo. Alikuwa ameomba maji ya kunywa, na kabla hajajibiwa alikuwa amekwisha kwenda kuyatafuta mwenyewe. Sasa alirudi kupitia mlango wa nyuma, amebeba chungu kidogo kwa jani la mgomba, mvuke ukitoka.

"Afande, samahani. Mekoni nimekuta vyungu viwili. Kile kikubwa kina ndizi na vipande vya kamongo. Hiki kidogo kina ndizi na maharage, kimefunikwa vizuri, na kimewekwa mbali na mwenzake kama waliogombana. Nimeona nikilete."

"Hicho ni cha mbwa," Felicitas alisema haraka.

"Mbwa wenu naye ana mwiko wa kamongo?"

Mtu mmoja dirishani alicheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni.

Immakulata aliwapenya watu, akasimama mbele ya chungu. "Celina. Chungu hiki nilikileta mimi, kichwani mwangu, siku ya harusi." Alikigusa kwa kidole. "Ni cha moto."

Ndyamukama alisimama. "Aliyetoroka Ijumaa hapikiwi Jumatano. Yuko wapi?"

Inspekta alitoka kwa mlango wa nyuma, na watu wote wakamfuata chini ya migomba. Njia ilikuwa nyembamba, lakini ilikanyagwa sana siku za karibuni, na kando yake palikuwa na maganda ya ndizi na kibuyu cha maji. Iliishia kwenye ghala la kahawa, nyumba ndogo ya udongo isiyo na dirisha, yenye kufuli jipya. Nyuma ya ghala lilichimbwa shimo, udongo wake bado mwekundu na mbichi.

"Shimo la nini?" Zabibu aliuliza.

"La kuivishia ndizi za pombe ya rubisi," Aristides alijibu.

Mzee Karugendo, aliyekuwa amekamua rubisi maisha yake yote, alisogea ukingoni, akachungulia. Shimo lilikuwa jembamba na refu, na lilimpita mtu kiuno. Hakukuwa na jani la mgomba hata moja chini yake. Mzee alirudi nyuma hatua moja na kuvua kofia.

"Ufunguo," Ndyamukama alisema.

"Humo mna kahawa ya kijiji. Bila hati siwezi kukufungulia. Mimi ni kiongozi, Inspekta, najua taratibu."

"Alistidia!" Immakulata aliita, mdomo wake ukigusa ukuta wa udongo. "Alistidia, mwanangu! Ni shangazi!"

Watu walizuia pumzi. Maji yalidondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Kisha kutoka ndani ukasikika mkono ukigonga ubao, polepole, mara moja, na tena.

Aristides aliruka kuelekea migombani. Zabibu, kwa lile koti lake kubwa, alimkinga njia, wakaanguka wote wawili matopeni, na vijana wawili wa majirani wakamkalia mgongoni kabla hajainuka. Celina hakumtazama mwanawe. Alifungua fundo la pindo la nguo yake, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha Inspekta.

"Nilisema apelekwe hospitali," alisema. "Alimpiga kwa mchi Alhamisi ya wiki ile nyingine, kwa sababu alisema anataka kwenda kwao. Mguu ukavunjika. Nikasema tumpeleke. Akasema uongozi wake utakwisha. Ndipo akabuni habari ya bomba."

"Na shimo, mama?"

Celina alifunika uso kwa mikono yote miwili. "Mimi nilikuwa nampikia tu, waitu. Kila siku nilikuwa nampikia."

Ndyamukama alifungua mlango, akafanya ishara ya msalaba, akaingia. Walimtoa Alistidia juu ya mkeka, watu wanne wakishika pembe zake. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa kwa vijiti na magamba ya mgomba, umevimba hadi gotini. Midomo ilikuwa imepasuka. Immakulata aliketi matopeni, akakipakata kichwa chake, akimwita kwa majina ya utotoni.

"Mungu ashukuriwe, yu hai," Mzee Karugendo alisema, akipangusa macho. Kisha akajikohoza, ubalozi ukamrudia. "Inspekta, mvuvi wako sasa mwachie. Msichana apelekwe hospitali. Haya mengine ni ya mume na mke. Tukae wazee, Aristides alete mbuzi na rubisi, apige magoti, yaishe. Kijana ana cheo, tusimvunje."

Wanaume kadhaa waliitikia. Mmoja alisema kwamba hata mbuzi wawili wangefaa. Aristides, shavu lake likiwa bado matopeni, alisema, "Nitamtibu mimi mwenyewe. Ni mke wangu. Alistidia, waambie ni mke wangu."

Zabibu alimgeukia mkuu wake. "Afande, hawawezi..."

"Wanaweza," Ndyamukama alisema. Alichuchumaa kando ya mkeka, akazungumza kwa sauti ya kawaida ili wote wasikie. "Mwanangu, mvuvi wa Goziba yumo mahabusu kwa sababu yako, ingawa kosa si lako. Huyo nitamtoa leo, maana nimekuona. Lakini huyu mumeo siwezi kumshika kwa picha na chungu. Akisimama kwa hakimu Ijumaa atasema ulianguka, na mama yake na dada yake watasema hivyohivyo, na wazee hawa watakuwa wamekwisha kula mbuzi. Siwezi kukusemea. Wala sitakulazimisha. Usiposema, Jumapili utarudi humu ndani."

Alistidia alifumba macho. Kwa kitambo watu walidhani amezimia. Celina alianza kulia.

"Shangazi, niinue," Alistidia alisema.

Immakulata alimwinua akaketi, mgongo wake ukiegemea kifua cha shangazi. Maumivu yalimkunja uso, akangoja yapungue. Kisha akawatazama mmoja mmoja: Mzee Karugendo, majirani waliosimama migombani, Celina, Felicitas, na mwisho yule aliyelala matopeni.

"Mimi ni Alistidia, mtoto wa ukoo wa kamongo," alisema, na sauti yake, ingawa ilikuwa imekauka, iliwafikia wa nyuma kabisa. "Mzee balozi, mbuzi wako sitaki. Ijumaa nitakwenda Bukoba. Nikishindwa kukaa kwenye gari nitabebwa juu ya mkeka huuhuu, lakini nitafika mbele ya hakimu, na nitasema aliyenivunja, na aliyevaa shuka langu, na aliyechimba lile shimo huku nikisikia kila jembe lilipoingia. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote. Na ninyi mmenisikia. Atakayeitwa kutoka hapa, aje aseme kwamba alinisikia."

Mzee Karugendo aliinamia fimbo yake. Kisha akasema:

"Nimekusikia, mwanangu. Mimi nitakuwa wa kwanza kuitwa."